Majani Mekundu ya Bi Shahad

3 Agosti

Leo kwa daktari wa macho nimeshtuka mpaka nikasahau mkoba wa Bi Shahad kwenye kiti, ikabidi nirudi ghorofa ya sita kuuchukua.

Daktari alisema kwa Kiarabu, pole pole, kisha Nasifu, mwanawe Bi Shahad, akanieleza mimi. Macho ya mama hayatapona. Yatafifia kidogo kidogo, kwanza rangi, baadaye sura za watu. Mwaka huu bado anaona. Mwaka ujao hakuna wa kuahidi. Daktari akamwambia, mama, kama kuna kitu ulikitamani, kakione sasa.

Mimi nilijua atasema Makka, au Unguja alikozaliwa. Nasifu alikuwa ameshatoa simu atafute tiketi.

"Nataka kuona majani yanavyogeuka rangi huko kwenye nchi za baridi," akasema Bi Shahad. "Kabla hayajaanguka."

"Majani, mama?"

"Majani. Mbona unanikodolea macho? Yanayokwisha ni yangu, si yako."

Huu ni mwaka wangu wa sita kwake. Namkanda miguu, namsomea maandishi ya kwenye dawa, nampikia. Sijawahi kumsikia akitaja majani, hata ya chai.

5 Agosti

Nimemuuliza wakati wa kumsuka nywele. Anasema akiwa msichana shuleni Unguja, mwalimu aliwafundisha misimu minne ya Ulaya, wakaikariri tu hivyo, hawajui baridi wala theluji. Majira ya mapukutiko majani hugeuka mekundu na ya dhahabu, kisha huanguka.

"Nikanyoosha mkono," akasema. "Nikauliza, mwalimu, kama jani linakwenda kufa, mbona linajipamba kwanza? Nikala bakora mbili. Mpaka leo sijajibiwa."

Ai. Kwetu Nyamira jani ni la chai, linachumwa bichi mwaka mzima. Likigeuka rangi ni ugonjwa, unaita mtu wa kilimo. Na kumbe kuna watu wanatamani kusafiri kwenda kutazama! Bwana Yesu, dunia yako ni kubwa.

9 Agosti

Tumekwenda ofisi ya safari hapa hapa Bur Dubai. Kijana anaitwa Clifford, ni wa Kitale, akanisalimia "mathe", yaani mama kwa lugha ya vijana wa kwetu, mbele ya watu nikafurahi. Akatuonyesha meli inayotoka Quebec, huko Kanada, inashuka na mto katikati ya misitu.

"Sasa shida ni timing," akasema. "Rangi ikifika kileleni inakaa kama wiki moja hivi. Ukiwahi, kila kitu kijani. Ukichelewa, ni matawi tu. Na hakuna anayejua tarehe kamili. Ni mvua, ni baridi ya usiku, ni Mungu."

"Basi tumuulize Mungu," akasema Bi Shahad.

"Mungu ana meli mbili, mama. Ishirini na saba Septemba, na kumi na moja Oktoba."

Bi Shahad akachagua ya kwanza, maana haraka ni yake. Clifford akauliza chumba ni cha watu wawili, wa pili ni nani? Bi Shahad akaninyooshea bakora yake.

"Huyu."

Nilishikilia meza. Mimi huyu! Mimi ambaye bahari nimeivuka kwa abra tu, vile vimashua vya kuvusha watu, kwenda Deira kununua samaki.

14 Agosti

Joto. Hata maji ya bomba la baridi yanachoma.

21 Agosti

Nimechukuliwa alama za vidole za viza. Njiani Nasifu ameniomba nisimwambie baba yake habari za safari nikikutana naye. Nikutane naye wapi? Sijawahi kumwona.

Niandike hapa ili nisisahau hii hadithi ya watu. Bwana Sowedi, mumewe Bi Shahad, yuko hai. Ana duka la mizigo ya Kampala kule Naif, na analala Satwa kwa mke wa pili, Mganda anaitwa Fauziya, fundi cherehani. Aliondoka nyumba hii Nasifu akiwa mdogo, na hajarudi. Mimi mwaka wa kwanza mzima nilidhani Bi Shahad ni mjane. Siku nilipothubutu kumuuliza mumewe yuko wapi, alijibu bila kuinua uso, "Alikwenda kununua betri ya saa. Bado anachagua."

4 Septemba

Viza imetoka! Nimelia kwenye lifti. Jumapili kanisani Oud Metha nitatoa shukrani. Nimenunua jaketi nene, Bi Shahad akalipapasa akasema nitafanana na godoro.

8 Septemba

Clifford amepiga simu. Huko Kanada usiku bado una joto, majani yamechelewa, wenyeji wanasema mwezi wa tisa hakutakuwa na kitu. Anashauri tuhamie meli ya Oktoba.

Mimi roho ilikataa, sijui kwa nini. Nikasema, Bi, twende tu. Akacheka. "Nimengoja tangu darasa la tano. Nikaone kijani, nirudi? Kijani nakijua." Tumehama.

16 Septemba

Kila Alhamisi kuna taarifa ya majani kwenye simu, kama vile sisi tunavyosikiliza bei ya chai. Leo si Alhamisi lakini Bi amenifanya niiangalie mara tatu.

25 Septemba

Nisipoandika nitapasuka.

Asubuhi Nasifu alikuja bila kupiga simu. Bi Shahad alikuwa kwenye kochi anajaribu glavu. Akasema, "Mama. Baba amefariki."

"Inna lillahi," akasema. Akavua glavu moja. "Wapi?"

"Dukani. Alikuwa anafunga mzigo. Alikaa chini tu."

Mimi nilingoja alie, au aseme neno baya, maana angekuwa na haki. Akainuka, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevua bangili zote na pete, amevaa nguo nyeupe isiyo na ua hata moja.

"Mercyline, ondoa chetezo na udi. Manukato yafungie kabatini. Wanja pia."

Nikadhani anakwenda msibani. Nikauliza nimwitie teksi?

"Siendi popote, mwanangu. Nimeingia eda."

Sikuelewa. Nasifu ndiye aliyeelewa, akabadilika rangi. Nikaelezwa: mume akifa, mkewe wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hasafiri. Kutoka ni kwa dharura tu, kama hospitali.

Nikahesabu kwa vidole. Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Yesu wangu. Majani yatakuwa yameshaoza ardhini.

"Mama, huyu mtu alikutupa!" Nasifu akapaza sauti, na huyo mtu ni baba yake, bado hajazikwa. "Mke wake yuko Satwa. Akae eda yeye!"

"Atakaa. Na mimi nitakaa. Alinipa talaka?"

"Alikupa nini kingine, miaka yote hii?"

"Nimekuuliza talaka. Alinipa?"

Nasifu akalia kama mtoto. Mimi nikaenda jikoni nikashika sinki. Kama tungebaki na ile meli ya kwanza, saa hii tungekuwa Kanada, tumevaa majaketi, tunangoja meli. Mtu aliyekwenda bila kugeuka nyuma, amerudi kwa kifo chake kuchukua kitu kimoja tu mwanamke huyu alichojitakia. Bwana unisamehe, nilimkasirikia maiti.

28 Septemba

Nasifu amemuuliza sheikh. Jibu ni lile lile. Bila talaka, eda ipo.

30 Septemba

Leo ndiyo nimeona makubwa.

Kengele ililia baada ya adhuhuri. Nikafungua, mwanamke mfupi, mweusi tii, nguo nyeupe kama za Bi Shahad, jasho linamtoka. Akasema, "Mimi Fauziya. Niko na haja na mama."

Nilishindwa kusema karibu na nikashindwa kufunga mlango. Bi Shahad akasikia sauti. "Muache apite."

Hawajawahi kuonana. Wamekaa mji mmoja miaka yote hiyo, teksi ya robo saa, hawajaonana. Fauziya akapiga magoti kabisa kwenye zulia, kama wafanyavyo Waganda kwa mkubwa.

"Inuka," Bi Shahad akasema. "Umetokaje nyumbani na wewe umo edani?"

"Nimekuja kukutoa wewe."

"Kunitoa wapi?"

"Nasifu alinisimulia, siku ya mazishi. Habari ya macho. Habari ya meli. Banange, jamani mama, sijalala." Akajifuta uso kwa mkono. "Sikiliza. Mzee alikuacha. Mwaka ule wa kwanza, mbele yangu, alitamka talaka. Mimi shahidi. Nitasema kwa sheikh, nitasema kwa kadhi. Eda si yako. Nenda kwa meli yako."

Moyo wangu uliruka. Mara hiyo hiyo nikafikiri, huyu mjanja, anataka abaki mjane peke yake, duka liwe lake. Ndivyo nilivyofikiri, naandika kama ilivyokuwa.

Bi Shahad alimgeuzia sikio, kama anavyofanya siku hizi kwa kuwa macho hayamtoshi. "Alitamkaje?"

"Alisema... nimemwacha Shahad."

"Shahad?"

"Ndiyo. Nimemwacha Shahad."

"Mwanangu, Sowedi hakuniita Shahad hata siku ya ndoa."

Fauziya akatazama chini.

"Utaapa?" Bi Shahad akauliza.

Fauziya akainua mkono. Nilimwona akiinua mkono, wallahi angeapa, na Bi Shahad akauwahi akaukamata hewani, asiyeona vizuri yule.

"Usiape! Usiape, we mwanamke. Utajiunguza kwa ajili ya majani?" Akaushusha ule mkono taratibu, lakini hakuuachia. "Sasa niambie kweli. Alikuwa akiniitaje?"

Hapo Fauziya alilia, kilio cha kutoka tumboni. "Mwenye nyumba. Alikuita mwenye nyumba. Nikipika pilau, 'mwenye nyumba hatii hivi bizari.' Nikikunja shuka, 'mwenye nyumba hukunja vile.' Miaka yote, mama! Mimi mke wa ndoa nimekuwa kama mpangaji kwa nyumba yangu!"

Nikamtazama Bi Shahad, nikijua sasa ndiyo atalia.

Alikuwa anatabasamu. Naapa mbele za Mungu anayeniona nikiandika. Alitabasamu kama msichana aliyetumiwa salamu.

"Mercyline," akasema. "Mletee mwenzangu maji. Kisha mwitie teksi, arudi edani."

2 Oktoba

Nimemuuliza kwa hasira kidogo, ambayo si adabu. Bi, mlango ulifunguliwa, mbona hukutoka?

Akasema, "Miaka yote nilikaa humu nikijua nimetupwa. Kumbe mtu alikuwa akinitaja kila siku juu ya chakula cha mwanamke mwingine. Nimwambie sheikh mimi si mkewe? Wacha nikae. Ni eda yangu. Nimeipata kwa jasho."

Na yule Fauziya niliyemwita mjanja, alikuwa tayari kula kiapo cha uongo ili mke mwenzake akaone miti. Sijui niombe nini tena. Nimeomba tu.

11 Oktoba

Meli imeng'oa nanga leo. Bi Shahad alitaka mchuzi wa bamia.

19 Oktoba

Sasa wanapigiana simu kila siku, wajane wawili, kila mmoja kafungiwa kwake. Nilidhani wataliwazana. Wanagombana!

"Muongo! Sowedi hakula bamia maisha yake."

"Kwangu alikula," sauti ya Fauziya inatoka kwenye simu. "Alimaliza sahani."

"Basi alikuwa anakuogopa."

Kisha wanacheka mpaka Bi Shahad anashika mbavu.

6 Novemba

Ameniambia nimletee kanga ya bluu. Nimemletea. Akasema, nimesema bluu, hii kijani. Ilikuwa bluu. Nimemwambia, samahani Bi, nimekosea, nikaenda kusimama chooni kwanza.

20 Novemba

Daktari. Dharura inaruhusiwa. Anasema kushuka kupo, lakini si kwa kasi. Nikauliza mimi, ataona Oktoba ijayo? Akapanga kalamu zake.

4 Desemba

Nimekwenda kwa Clifford kumwomba atuhifadhie nafasi ya mwakani, hata kama ni kujidanganya. Ofisi ilikuwa na baridi, nje mvua ya kwanza imenyesha. Nikawa nalalamika tu kama mama mzee: huku nimevaa sweta, na dada yangu Nyamira ananiambia jua linawaka. Majira yenyewe hayapatani.

Clifford aliacha kuandika.

"Mathe, rudia."

"Rudia nini?"

"Ai, mimi ni mjinga!" Akajipiga kofi kwenye paji la uso, kweli kweli, mteja mwingine akageuka. "Nimekaa hapa nauza majani ya juu tu. Huko chini ya dunia mambo ni kinyume. Chile, Argentina. Autumn yao ni Aprili!"

"Autumn ngapi ziko?"

"Mbili, mathe! Zimekuwa mbili siku zote!"

Nimekaa chini bila kukaribishwa. Mungu aliumba mapukutiko mawili, na sisi tulikuwa tunalia kwa kukosa moja. Nilirudi kwa miguu, mvua inaninyeshea, sikuhisi.

Nilipomwambia Bi Shahad, akatikisa kichwa. "Yule mwalimu," akasema, "hata hilo hakutufundisha."

2 Februari

Jana eda imekwisha, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Ameoga, amejifukiza udi, nimempaka hina. Kisha Clifford akapigiwa simu: meli ndogo, visiwa vya kusini mwa Chile, wiki ya kwanza ya Aprili. Hata yeye hana uhakika na tarehe ya majani kugeuka. Chumba cha wawili.

"Wa pili andika Fauziya," akasema Bi Shahad.

Nilikuwa nimeshika bakuli la hina. Sikuliangusha, lakini nusura.

Akanigeukia. "Umekasirika."

"Hapana, Bi."

"Umekasirika, nakusikia unavyopumua. Sikiliza, Mercyline. Wewe ukiona jani utasema ni zuri, Mungu asifiwe. Fauziya atanibishia. Nami nataka mtu wa kugombana naye. Na kuna mtu mmoja ambaye ni sisi wawili tu tunaoweza kumzungumza."

Nimesema sawa. Usoni nimesema sawa. Usiku wa leo sitaandika zaidi.

5 Februari

Nimeomba na hasira imepungua. Jaketi nimempa Fauziya. Limemfika magotini.

22 Machi

Fauziya amekuja nimfundishe kutia dawa ya macho, maana melini sitakuwepo. Mikono yake ya fundi, inayoingiza uzi kwenye sindano bila kutazama, ilikuwa inatetemeka na kile kichupa.

"Taratibu," Bi Shahad akamwambia, kichwa nyuma, macho kayakodoa. "Mume ulishachukua. Jicho niachie."

Tone la kwanza likamwangukia puani. Tumecheka watatu mpaka jirani akagonga ukuta.

3 Aprili

Walifika salama jana. Nyumba ni kubwa mno. Nimefua mapazia ambayo si machafu.

7 Aprili

Ujumbe wa sauti umeingia nikiwa nakata vitunguu. Upepo mwingi, na wao wawili, kila mmoja anamkatiza mwenzake. Nimeusikiliza mpaka simu imekaribia kuzima. Nauandika ulivyo.

Fauziya anasema, "Mercyline, tumefika kwa msitu, ni nyekundu yote! Mlima mzima nyekundu, kama moto!"

Nikapiga kelele ya furaha peke yangu jikoni. Halafu Bi Shahad, karibu kabisa na simu:

"Muongo huyu! Usimsikilize. Kijani. Kijani kitupu, tumewahi. Ananionea huruma, ananidanganya mchana kweupe, hajakoma tu."

"Mama, mimi naona nyekundu..."

"Unaona nini? Hebu tulia. Nyamaza. Nyamaza, Fauziya."

Upepo. Upepo mrefu. Nimeshika kisu, machozi ni ya vitunguu na si ya vitunguu. Nikadhani ujumbe umeishia hapo.

"Pale," sauti ya Bi Shahad, ndogo sana. "Chini, karibu na maji. Mti mmoja. Si huo, ule wa peke yake. Unauona?"

"Wapi?"

"Pale, we! Fuata kidole."

Kisha Fauziya anapiga yowe, na safari hii hakuwa anadanganya: "Banange! Mama! Ni nyekundu!"

"Mwambie Mercyline," akasema Bi Shahad. "Mwambie nimeuona mimi kabla yako."